Nyumba ya Mita Kumi na Mbili

Mwanafunzi wa urubani waliyempachika jina la Nusujicho alikuwa ameshakosa shabaha mara kumi na nane. Alikaa ndani ya mashine ya kuigizia ndege, feni ikimrudishia jasho lake mwenyewe usoni. Hesabu aliijua kama jina lake. Kitabu kilisema nyumba ya kushambuliwa ina upana wa mita ishirini na nne. Ikijaa duara la kulengea, ndege iko umbali wa mita elfu moja na mia mbili, fyatua. Alingoja ijae, akafyatua. Roketi zikapita juu ya paa na kutua uani, kama kawaida yake.

Akifeli mtihani wa Ijumaa angepelekwa stoo kugawa mablanketi mpaka astaafu. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anarusha ndege, kwa hiyo suala la mablanketi halikuwa dogo.

Alipofungua mlango wa mashine ashuke, mwanamke mmoja alitokea ndani ya skrini, akamtangulia kutoka. Alivaa kandambili zenye tope na mkononi alishika mashina matano ya maharagwe. Mfagizi alimtazama miguu, akasema sakafu imepigwa deki sasa hivi. Mwanamke akaomba radhi, akavua kandambili, akauliza mkubwa wa pale ni nani.

Mkufunzi alimpokea ofisini, akampa kiti, Nusujicho akasimama mlangoni. Mwanamke alieleza kwamba ile nyumba ni yake. Nyumba yenyewe haikumpa taabu: ikipigwa, mashine huirudisha nzima kabla ya mwanafunzi anayefuata, na safari moja ilirudi na rangi mpya. Lakini roketi zikikosa, mashine huona hakuna kilichoharibika, na mashimo hubaki shambani. Huu ulikuwa msimu wa tatu hajavuna.

"Naomba haya mambo myahamishie kwingine, baba," alisema. "Mle ndani jangwa lipo tele."

Mkufunzi alisema hilo ni la wakubwa, na wakubwa husikiliza matokeo tu. Kijana huyu akifaulu, naye mkufunzi atapata pa kuanzia kusema. Basi mwanamke akamgeukia Nusujicho, akamtazama juu hadi chini kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine.

"Nyumba yangu nani aliipima, mwanangu?"

Hakuna aliyejua. Kitabu kilikuwa kimetumika miaka kumi na moja, na mkufunzi mwenyewe alikuwa amekitia sahihi.

"Ina mita kumi na mbili. Nimeijenga kwa mikono yangu. Wewe unangoja ijae duara, kumbe uko mita mia sita, unakaribia kunipigia hodi. Ikijaa nusu ya duara, fyatua."

Siku tatu mfululizo mwanamke alikaa nyuma ya kiti cha Nusujicho, magoti yake yakimchoma kijana mgongoni. Kijana akiwahi, alimpiga kofi la bega na kumuuliza ana haraka ya wapi. Akichelewa, alimsonya. Nusujicho alimpenda, na aliona haya kila alipoligeuzia paa lake pua ya ndege. Alimwambia hivyo. Mwanamke akamjibu kwamba haya aiweke akiba, kwa sasa atazame duara.

Ijumaa, nyumba ilipojaa nusu ya duara, mwanamke alisema "Sasa" kwa sauti ya chini. Roketi zote ziliingia sebuleni. Hakuna jani la haragwe lililotikisika. Nusujicho alipata alama zote, akampigia mama yake simu, na stoo ikatafutiwa mtu mwingine.

Mkufunzi alirudi kutoka kwa wakubwa akiwa na furaha tele. Wamesema shabaha iliyopimwa vizuri namna ile haiachwi. Kuanzia Jumatatu vyuo vyote vitafanyia mitihani pale pale, kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi.

Mwanamke alihesabu kwa vidole.

"Saa mbili watoto wangu wako mezani wanakunywa chai," alisema. "Fanyeni basi saa mbili na nusu, wawe wameshatoka kwenda shule."

Mkufunzi alisikitika kwa dhati. Ratiba ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mwanamke akafikiri, akasema haidhuru, atawaamsha mapema, ila yule mdogo ni mzito wa kuamka. Nusujicho, aliyepangiwa zamu ya kwanza Jumatatu, akamshikia mlango wa mashine arudi nyumbani.