Kigango cha Mwaringa Bustanini Houston

…na hilo jina lingoje kwanza, limemkaa Mbeyu mdomoni tangu asubuhi kama mnofu mgumu, halimezeki wala halitemeki, na mkononi kikombe cha plastiki, ndani maji ya nazi ya kopo maana mnazi wenyewe Houston utaugema wapi, kwenye nguzo za umeme?, na mbele yake kigango kimesimama, mti wa kukaliwa na roho ya marehemu, kichwa mviringo, kifua bapa chenye pembetatu nyekundu na nyeupe, kazi ya Onyancha, Mkisii mzima kuchonga kigango cha Wagiriama, lakini mkono anao, shetani yule, hilo hakatai… na akishamwaga maji akaita jina, basi, Mwaringa atakuja akae humo, mumewe, mzee wa chama cha Gohu, wao ndio husimamishiwa vigango wakifa, aliyekuja kumtembelea binti yao akaishia makaburini Pearland, juu yake nyasi za kukatwa kwa mashine, na tangu hapo humjia ndotoni, Mbeyu, nina baridi, hunisimamishii changu una nini?, hata alipokuwa hai alikuwa mlalamishi, uji wa moto, uji wa baridi… "Mama, sema basi, watu wanangoja," huyo Kadii, bintiye, na sare yake ya unesi, ana zamu, nchi hii kila mtu ana zamu… na yule mama wa ofisi ya jiji anahutubia kama anayetafuna barafu, Kimutai, mwenyekiti wa Wakenya wa hapa, anatafsiri, jiji linaishukuru jamii asilia kwa sanaa yake, sanaa!, vile vigango vya kina baba mkwe viling'olewa usiku kule kwao Kaloleni vikauzwa kwa wazungu kwa jina hilo hilo, sanaa, Mwaringa akakaa kutwa kando ya mashimo, siku hiyo hakulalamika, afadhali angelalamika… "kitakaa hapa miaka miwili," anasema Kimutai, "kisha kitapelekwa Dallas, halafu Plano, nao wakione, makofi jamani!", na makofi yanalia… kipelekwe? kigango? hata ukoo ukihama kinaachwa palepale kiliwe na mchwa, nani amewahi kumhamisha… ndipo anapotazama chini, kumbe hakikuchimbiwa, mguuni kina bamba la chuma, nati nne, zinang'aa… "Kadii, ulijua?" "Mama, ni contract tu, zote wana-rotate, please, usianze." "Babako ni tairi, a-rotate?" mtu nyuma anacheka, Kadii anainamisha kichwa… na asipomwita yeye, nani atamwita, Kadii hata maneno hayajui, Kitsao shemeji yake kwenye simu alisema ule msitu wa ukoo, wa kusimamishia vigango, umeuzwa, kisha kadi ikaisha, na yeye mwenyewe sukari imeshampanda miguuni, kesho keshokutwa naye hayupo, kwa hiyo ni leo ama baridi milele, na leo ni nini, mzee wa Gohu afungwe mikanda juu ya lori, alale chali barabara kuu, ashushwe Dallas, watu wapige picha, apandishwe tena, akimwuliza ndotoni, Mbeyu, hapa napo ni wapi?, atamjibu nini… wote wanadhani anaomba, Kimutai amevua kofia, kikombe bado kimejaa, nao mkono haujainuka, na moyoni jina linageuka, lile njoo alilolitunza tangu mazishi linamfia, usije, Mwaringa, unanisikia, usije, hiki ni kijiti tu, kaa na baridi yako hukohuko, utanilaumu, nilaumu, ulishazoea, lakini usije…