Sisimizi wa Salwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Salwa alitoa chupa ya insulini kwenye chungu cha maji kilichoitunzia ubaridi, akaipangusa, kisha akatazama ukuta. Sisimizi walikuwa wameshaipanga nambari ya sukari yake pale juu ya kitanda, safi kama mwandiko wa mwalimu wa chekechea: 19.4.

Walianza mwezi wa Februari, wiki ile vikaratasi vya kupimia sukari vilipokwisha kliniki. Mama yake, Saumu, ambaye huuza mitumba sokoni Nyeri, alikuwa akifuta ukuta kwa kuwazunguka. Hakuwa na neno nao. Aliyemchosha ni Salwa, msichana wa miaka kumi na saba anayekatiza sala kuchungulia ukuta na kuacha ugali nusu sahani. Wenzake walihofia mitihani. Yeye aliuhofia mwili wake mwenyewe, na hofu hiyo haikumpa likizo hata siku moja.

"Ati sisimizi," Saumu alisema akijifunga leso. "Daftari ya kliniki inasema sukari yako ni saba nukta nane. Kila mwezi saba nukta nane. Hiyo ni wasiwasi, mwanangu."

"Mama, nakunywa maji jagi mzima na bado niko na kiu. Saa zingine macho yanaingia ukungu."

"Basi leo uliza waongeze dawa. Wakikataa, tuachane na hii maneno."

Salwa alikubali. Hakutaka kingine ila dozi iongezwe kabla mwili haujamshinda.

Kliniki ya vijana wenye kisukari hukaa Jumanne. Pale watu hawapangi foleni. Madaftari ndiyo hupanga. Kila mgonjwa huweka lake kwenye benchi, kisha huenda nje kutafuta jua, maana Julai ya Nyeri haina huruma hata mchana.

Salwa alipoweka lake, mama yake akiwa kando, sisimizi wakatoka katikati ya kurasa. Wakatembea juu ya benchi, daftari moja baada ya jingine, na juu ya kila moja wakaandika ukutani. 11.2. 16.0. Juu ya daftari la Mwai, kijana wa Wamagana, wakaandika 2.6, sukari iliyoshuka kupita kiasi.

Mwai alikuwa nje, ameegemea nguzo, jasho likimtiririka kwenye baridi ile. Ngendo, muuguzi wa zamu, alisoma ukuta, akatoka mbio na chupa ya soda, akamshikia mpaka akaimaliza. Baada ya robo saa Mwai aliketi wima na kuulizia kofia yake. Sisimizi wakajipanga upya: 5.1.

"Hawa sisimizi hawakosei," Ngendo alisema, akarudi mezani kwake.

Juu ya daftari la Salwa palikuwa na 22.3. Saumu aliisoma nambari hiyo, akaona haya.

"Kumbe hukuwa unajisumbua," alimwambia bintiye.

Salwa alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi mitano. Alipoyapata, aliogopa kuliko asubuhi.

Zamu yake ilipofika, Ngendo alifungua daftari, akaandika 7.8.

"Sista, si umeona ukuta?"

"Nimeona, mami. Lakini daktari anaongeza dawa akiona nambari ya mashine, na mashine haina strips, vile vikaratasi, tangu Februari. Fomu nayo haikubali nafasi wazi. Kwa hivyo tunaandika ile ya mwisho."

"Ya mwisho ya nani?" Saumu aliuliza.

Ngendo alifunua kurasa, akazirudisha.

"Ya mwisho ya mashine, ya yeyote aliyepimwa mwisho," alisema. "Wakubwa huko juu wakiona saba nukta nane kila mahali, wanasema mnaendelea vizuri. Strips hawatumi."

Hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kiti chake ili kisiwaponde sisimizi, akamwambia mfagizi asipulize dawa ya wadudu upande ule, na kabla ya adhuhuri akabandika tangazo mlangoni: WAGONJWA WA SUKARI, TAFADHALI MSIKANYAGE SISIMIZI. Watu walilisoma, wakaanza kuinua miguu.

Kwenye dirisha la dawa Salwa alipewa chupa yake. Dozi ilikuwa ile ile ya Februari.

Waliteremka kuelekea mjini, Saumu amemshika mkono.

"Unaona vizuri?" aliuliza.

"Naona, mama."

Walipiga hatua kumi hivi.

"Na sasa?"