Kitambaa Nyuma ya Spidomita

Mjane alifika gereji asubuhi akiwa ameuma meno kwa sababu ya ile kelele. Ilitoka nyuma ya spidomita, kwaru kwaru kama panya anayetafuna kikapu, na gari likikimbia nayo inakimbia.

Fundi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alimtafutia kiti chenye miguu yote minne, akakifuta kwa shati lake mwenyewe, maana matambara yote yalikuwa na oili. Mjane akamweleza kwamba kesho gari linachukuliwa na mnunuzi, basi linyamaze. Kelele hiyo ilimuumiza kichwa mwaka mzima. Kila akimlalamikia mumewe, mzee anaongeza sauti ya redio tu. Mara ya mwisho walirudi kutoka sokoni wamenuniana, kila mtu na upande wake wa kitanda. Asubuhi mume hakuamka.

"Kaka yako masikio yake yalikuwa ya kushikia miwani tu," alisema, akageuza uso.

Shemeji akachukua ufunguo. Walizunguka na gari mtaani, mshale wa spidomita ukitetemeka kama mkono wa mwenye homa. Waliporudi akalipandisha kwa jeki, akauchomoa kwenye giaboksi waya wa spidomita, ule unaozunguka ndani ya ganda lake gari likienda, wakazunguka tena. Kimya. Basi giaboksi ni nzima, akasema, ugonjwa uko kwenye waya au kwenye spidomita yenyewe. Akauzungusha waya kwa vidole. Ulikwama mahali pamoja. Akaufuata kwa mkono hadi unapopenya bati lililotenganisha injini na viti, na hapo mkono ukasimama.

"Shemeji, hebu njoo uone."

Mpira wa kwenye tundu ulikuwa umekwisha. Mahali pake palikuwa na kitambaa kilichoviringwa tabaka juu ya tabaka, kikafungwa kwa uzi vizuri, kama kidonda cha mtoto. Fundi akaukata uzi. Chini ya grisi yakatokea maua ya njano. Mjane alikijua. Ni kilemba chake alichokitafuta nyumba nzima, mwisho akausingizia upepo kwenye kamba ya nguo.

Fundi akamweleza taratibu. Mwanzo waya ulikuwa unagonga bati, kaka akauzungushia kitambaa. Alipolalamikiwa tena, akaongeza, kisha akaongeza. Kitambaa kikanenepa, kikaupinda waya, na waya uliopindwa sana hujikwaruza wenyewe kwa ndani.

"Alikuwa anakuzibia kelele, shemeji. Ndiyo ikazidi."

"Kwa nini hakukuletea wewe?"

"Mimi? Akubali kufundishwa na mdogo wake? Yule?"

Wakataka kucheka wote wawili. Cheko la mjane likavunjika njiani.

Fundi akaweka mpira mpya, akaunyoosha waya, akautia grisi kidogo. Kitambaa hakukitupa. Alikikunja, akampa mkononi, kisha akajifanya anatafuta spana mpaka mjane alipomaliza kulia.

Mjane aliendesha kurudi nyumbani na kitambaa mapajani, grisi ikimchafua gauni. Mshale ulitulia. Hapakusikika kitu. Aliposimamisha gari mlangoni alikitazama kiti cha pembeni, kile alichokuwa akikalia yeye na malalamiko yake.

"Leo hakiniumi," alisema. "Baba watoto, kichwa hakiniumi."

Akazima injini, akabaki ndani.