Mistari Iliyodhaniwa Uchafu

Anatory alimpokea Careen uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, asubuhi, wakapanda metro kuelekea mtaa wa Xiaobei, na njia nzima mgeni huyo hakuuliza habari za majengo wala za watu. Aliuliza habari za ramani tu.

"Zimetoka vizuri, Mwalimu?"

"Subiri ujionee. Rangi zinawaka."

Bado alimwita Mwalimu. Anatory alifundisha historia Bukoba kabla hajaacha chaki na kuingia kwenye biashara ya nguo, na Careen alikuwa akikaa dawati la mbele darasani kwake. Sasa Careen mwenyewe alifundisha historia Biharamulo, kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi wake walikuwa wakikariri kwamba Marekani ilipanuka kwenda magharibi, kisha ikapigana yenyewe kwa yenyewe. Jinsi jambo la kwanza lilivyozaa la pili hawakuijua. Basi akachora ramani yake. Shule kadhaa za Kagera zikaitaka, naye akamtumia mwalimu wake wa zamani ili aichapishe Guangzhou juu ya kitambaa, kwa kuwa karatasi huliwa na mchwa.

Marobota ya ramani yalikuwa kwenye stoo ya wakala wa mizigo, karibu na mlango wa kontena ambalo Anatory alilikodi pamoja na Nicolas, mfanyabiashara wa viatu kutoka Lubumbashi. Kontena lilikuwa linafungwa siku hiyo hiyo. Nicolas alisimama mlangoni, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akiwahimiza wapagazi.

"Ndiye huyu profesa wako?" alisema. "Karibu, dada. Mzee huyu anakusifu mpaka tunakimbia tukimwona. Angalia haraka, mizigo yenu ndiyo inaingia sasa."

Anatory alikata kamba ya robota moja, akatandaza ramani sakafuni, akasogea pembeni kama fundi aliyemaliza nyumba.

Careen aliitazama. Akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, kutoka mashariki hadi magharibi, taratibu, kama mtu anayetafuta pete iliyopotea kwenye majani.

"Mwalimu, mistari yangu iko wapi?"

"Mistari gani?"

"Mistari myeusi ya majimbo ya utumwa. Na majina ya mataifa ya wenyeji. Hayapo."

Anatory aliinama. Kweli, hayakuwapo. Marekani ilikuwa imelala pale sakafuni safi na nzuri: eneo walilonunua kwa Wafaransa rangi ya chungwa, Texas njano, nchi waliyoichukua kwa Mexico kijani. Kulikopaswa kuandikwa majina ya wenyeji kulikuwa kweupe.

Alikumbuka vizuri siku ya kupitisha sampuli. Tangu asubuhi alikuwa akikagua suruali za jinzi kwenye soko la Guangyuan Xilu. Kiwandani waliponyoosha kitambaa mbele yake alifanya alichozoea: alilowesha kidole gumba akasugua rangi, akavuta pembe kuona kama kinalegea, akakiinua dirishani kutazama ufumaji, akakinusa. Kisha akatia sahihi kwenye pindo. Aliyekuwa mwalimu wa historia aliipitisha ramani bila kuisoma.

"Wee dada," Nicolas aliingilia, "nchi imekua, na inaonekana imekua. Unataka nini tena?"

"Imekua ikibeba nini, kaka Nicolas?" Careen hakuinua uso. "Kila walipoongeza ardhi, waliulizana swali lile lile: huku kupya, mtu atakuwa mali ya mtu au hatakuwa? Missouri ilipotaka kuingia na watumwa wake, wakaiingiza pamoja na Maine isiyo na watumwa, ili kwenye Seneti upande mmoja usiuzidi mwingine. Wakapiga mstari: kaskazini mwa hapa, marufuku. Wakapigana na Mexico, wakapata nchi kubwa, ugomvi ukarudi mkubwa zaidi. California ikaingia huru, na Kusini nao wakapewa sheria ya kuwasaka watumwa waliotoroka hata huko Kaskazini. Mwishowe wakaufuta ule mstari, wakawaambia watu wa Kansas wapige kura wenyewe. Unajua walikuja na nini?"

"Na karatasi za kura."

"Na bunduki. Pande zote mbili. Damu ilimwagika Kansas miaka kadhaa kabla ya vita yenyewe." Sasa aliinuka. "Ukiondoa mistari, ramani yangu inasema nchi ilinenepa kwa amani, halafu siku moja ikashikwa na wazimu. Na huu weupe unasema hapakuwa na mtu. Wacherokee niliwaandika mara mbili: walikokuwa wakiishi na walikofukuziwa. Wamefutwa kote kuwili."

Nicolas alijikuna kidevu. "Mon frère, ndugu yangu, shule zinafunguliwa. Watoto wanangoja. Walimu si wana kalamu? Watachora mistari wenyewe."

"Na yule asiyejua kama ilikuwepo?"

Nicolas alimgeukia Anatory. "Sema wewe. Wapagazi wanasimama."

Kwenye kona ya chini ya ramani yalisomeka maneno: Imechorwa na Mwl. Careen Rugaimukamu. Anatory aliyatazama. Jina lake mwenyewe halikuwapo popote. Ramani ikitundikwa Muleba, ikitundikwa Ngara, hakuna atakayeuliza nani alitia sahihi kwenye pindo huko Uchina. Watasema mwalimu Careen hajui historia. Au, vibaya zaidi, hawatasema kitu. Watafundisha hivyo hivyo.

"Teremsheni," aliwaambia wapagazi. "Yote."

"Nafasi yako najaza viatu," Nicolas alisema. "Usije ukanililia."

"Jaza."

Walikodi gari dogo la mizigo, wakayarudisha marobota kiwandani. Bosi Liang, mwanamke mfupi mwenye miwani kichwani, alichomoa sampuli kutoka kabatini na kuiweka mezani kabla hawajaketi. Sahihi ya Anatory ilikuwa pale, kubwa, yenye mkia.

"Zimetoka sawa sawa na sampuli," alisema kwa Kichina. "Na mafundi wangu walikusafishia bure. Mchoro wako ulikuwa na mikwaruzo mingi, na vijiandiko juu yake."

"Mikwaruzo ile naitaka. Ipige kwa rangi nyeusi juu ya ramani hizi."

"Bu xing." Haiwezekani. "Nitie uchafu kwenye kazi nzuri, kesho useme Liang kaniharibia? Kwanza niambie kwa nini."

Anatory alifungua mdomo, akakwama. Kichina alikuwa nacho, lakini kilikuwa Kichina cha sokoni: bei, rangi, saizi, punguza, ongeza, hakuna. Miaka yote hiyo hakuwahi kulihitaji neno la utumwa. Alitoa simu imtafsirie, Bosi Liang akaisukuma kando. Tafsiri za simu za wateja zilishamfanya ashone mashati ya kijani yaliyotakiwa yawe ya bluu.

Akaitandaza ramani mezani, akaweka kidole kusini.

"Hapa," alisema, "watu kuuza watu."

Bosi Liang alishusha miwani machoni. "Rudia."

"Watu kununua watu. Kuuza watu." Kidole kikapanda kaskazini. "Hapa, hakuna." Kikavuka mto, kikaingia kwenye rangi ya chungwa. "Hapa, nchi mpya. Kuuza watu? Kutouza? Hawa kusema ndiyo. Hawa kusema hapana." Akagonganisha ngumi zake mbili. Maneno aliyobembelezea bei ya suruali kwa miaka yote hayakuwahi kuwa mazito hivyo mdomoni mwake.

"Watoto pia?" aliuliza Bosi Liang.

"Watoto pia."

Mashine zilikuwa zikiunguruma nyuma ya ukuta. Bosi Liang aliisogeza ramani karibu, kisha kidole chake mwenyewe kikaenda kwenye ule weupe wa magharibi. Akamtazama Careen, si Anatory, akainua nyusi.

Careen hakuhitaji kutafsiriwa. "Watu," alisema kwa Kiswahili.

"Watu," Anatory alimfikishia kwa Kichina.

Bosi Liang akamwita kwa sauti fundi wa fremu za kuchapia, akautaka mchoro wa kwanza, ule wenye mikwaruzo. Wakati unatafutwa alimpa Careen kalamu nyeusi, amwonyeshe fundi kila mstari unaanzia wapi na unaishia wapi.

Careen alianza na Missouri.