Mlango wa Nanyama

Nanyama alihamia nyumba ya nyuma katika ploti moja mtaani Section 58, akiwa bado msichana wa kazi ya kiwandani. Mwenye ploti, Jepleting, alikuwa mjane aliyeishi nyumba ya mbele na mwanawe mmoja, Kigen. Walitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Jepleting akienda shambani kwake kule Bahati, mtoto alilala kwa Nanyama. Nanyama ndiye aliyemfunza kufunga kamba za viatu, ndiye aliyemuuguza alipopata surua. Kijana akakua akimwita mama mdogo, na hakuna aliyeona ajabu.

Jepleting alipopooza, Nanyama ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani mpaka alipofariki.

Baada ya mazishi Kigen akarudi kuishi nyumba ya mbele na mkewe, Shantel. Walitaka kubomoa nyumba ya nyuma wajenge gorofa. Jioni moja Kigen alikuja, akakaa, akasema huku akiangalia sakafu kwamba angehitaji nyumba mwisho wa mwezi. Nanyama akamwomba amwongezee muda kidogo, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kigen akasema ataona.

Mwezi ukaisha Nanyama akiwa bado anatafuta. Siku moja akatoka sokoni, akakuta mlango haupo. Mafundi walikuwa wameung'oa pamoja na fremu yake. Shantel alimweleza kwa upole kwamba kazi ilikuwa imeanza na haingeweza kungoja. Nanyama akatundika shuka pale penye pengo.

Jirani yake, Makokha, ndiye aliyemwambia kuwa sheria haimruhusu mwenye nyumba kung'oa mlango ili kumtoa mtu. Lazima atoe notisi ya maandishi, na wasipoelewana, mahakama ya nyumba ndiyo inayoamua. Nanyama akakataa kabisa. Angemshtaki vipi mtoto aliyembeba mgongoni? Lakini ilikuwa Julai. Baridi ilimwingia kifuani, mvua ikalowesha godoro, na ikabidi aende kushtaki.

Mahakamani Kigen hakukana kitu. Afisa aliyesikiliza kesi alimuuliza kwa nini hakutoa notisi.

"Huyu ni kama mama yangu," Kigen akasema. "Nilidhani ataelewa."

Afisa akaamuru mlango urudishwe, na notisi itolewe inavyotakiwa. Makokha alimpa Nanyama mkono wa hongera, akashangaa kuona analia.

Kigen aliurudisha mlango mwenyewe. Alipigilia misumari, akaufungua na kuufunga, akahakikisha haukwaruzi. Nanyama alikuwa amechemsha chai ya maziwa, nzito, jinsi Kigen alivyoipenda tangu utotoni.

"Chai iko tayari, Kigen."

"Niko sawa, mathe."

Mathe, kama vile watu wanavyomwita mama yeyote anayeuza mboga barabarani. Akampa notisi, akaokota nyundo yake, akaenda.

Tangu hapo kila kitu kilifanywa kisheria. Bomba lililokuwa likivuja likatengenezwa. Risiti ya kodi ililetwa kila mwezi, ikapitishwa chini ya mlango. Shantel alipojifungua, Nanyama alikuwa akimsikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta, akijua kabisa kwa kilio chake kuwa ni tumbo. Alisimama na kukaa, akasimama tena. Hakuna aliyekuja kumwita.

Alihama kabla ya muda wa notisi kwisha. Huko Njoro alipata chumba cha kupanga kwa kijana mmoja, mhadhiri, aliyeandika mkataba na kumsomea kila kipengele: nani atatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, nani ana ruhusa ya kuingia. Akamuuliza kama ana swali.

"Nikiugua usiku," Nanyama akasema, "nimwite nani?"

Kijana akatazama ule mkataba, kisha akamwandikia nambari ya simu ya keyateka, mtunzaji wa nyumba. Nanyama akamshukuru, akatia sahihi.