Nukta za Kijani za Mwalimu Verna

Mwalimu Verna Stidham alikuwa na jambo moja la kujivunia katika mji wa Pruett, na alijivunia bila haya: akikuambia mtoto wako atachukuliwa chuo fulani, nenda kanunue masanduku. Miaka kumi na tisa alikuwa mshauri wa wanafunzi pale shuleni. Kwenye kompyuta yake alikuwa na mchoro wa kila chuo, na kila mwanafunzi aliyewahi kukiomba alikuwa nukta moja: kijani aliyepokelewa, nyekundu aliyekataliwa. Alama zikiwa nzuri, nukta inakaa juu. Wazazi walioneshwa nukta, wakashukuru, wakaenda zao.

Siku ya kwanza ya Novemba, saa nane na nusu mchana, aliyekaa mbele yake alikuwa Royce Ledbetter, dereva wa basi la shule, kofia magotini. Binti yake Tessa alitaka kusomea uhandisi, na alikuwa ameomba chuo kikuu cha umma cha ng'ambo, yaani upande wa Ohio. Akina Ledbetter waliishi upande wa Indiana. Barabara kuu ya Pruett ndiyo mpaka wa majimbo, lakini shule ni moja, na watu wa pale huvuka kwenda kununua mkate bila kufikiri kwamba wametoka jimboni.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu, Mwalimu," alisema Royce. "Umemwambia asijisumbue na chuo cha hapa Indiana. Na mwisho wao wa kupokea maombi ya uhandisi ni leo, saa kumi na moja."

"Insha mbili zaidi za kuombea chuo za nini, wakati ng'ambo ana uhakika? Hebu tazama." Akamgeuzia kompyuta, mchoro wa chuo cha ng'ambo ukiwa wazi. "Tessa atakaa hapa. Wanaomzunguka wote ni kijani."

"Ni akina nani hao?"

Hakuruhusiwa kutaja majina. Lakini sifa ni kitu kitamu, na Verna hakujizuia. "Huyu Orrin Beck. Hawa mapacha wa Sauder. Huyu Marlys Finch."

Royce akacheka. "Orrin! Yule alikuwa analala basini kila siku, namwamsha kituo cha mwisho kule ng'ambo. Na akina Finch nao, mbwa wao alinisumbua miaka minne, anafukuza magurudumu mpaka ng'ambo kule kwenye ghala la mahindi."

Verna alikuwa amenyoosha mkono kuchukua peremende zilizokuwa mezani. Mkono ukasimama.

"Mapacha uliwashusha wapi?"

"Ng'ambo."

Akagusa nukta nyingine ya kijani. "Joelle Amstutz?"

"Ng'ambo. Mama, mbona unanihoji kama polisi?"

"Wade Kessler? Royce, nijibu. Wade?"

"Ng'ambo! Wote ng'ambo. Kuna nini?"

Chuo cha umma hutazama kwanza watoto wa jimbo lake, maana wazazi wao ndio walipa kodi wake, na wageni hugombania viti vichache vinavyobaki. Hilo Verna alilijua kama jina lake. Aliwaambia wazazi kila mwaka walipotaja vyuo vya mbali. Ila hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa mgeni kwa upana wa barabara. Mchoro wake haukuandika mtoto analala upande gani. Miaka yote hiyo alikuwa akisoma bahati ya watoto wa Ohio na kuwagawia watoto wa Indiana.

"Na hawa wekundu?" aliuliza, akataja majina mawili.

"Hao wa kwetu huku." Kisha Royce akaiona nukta nyekundu ya tatu, iliyokaa juu kuliko zote za kijani. Hakuhitaji kutajiwa jina. Ilikuwa ya Curtis, mtoto wake wa kwanza, aliyekataliwa na chuo hichohicho. Miaka sita iliyopita, kwenye kiti kilekile, Verna alimwambia Royce kwamba kijana mwenye alama zile hakosi nafasi ila kwa uzembe, na kwamba lazima insha aliiandika ovyo. Sasa Curtis alifanya kazi kiwanda cha matairi, miji mitatu kutoka pale, na hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Verna alisimama. "Nimekosea, Royce. Tessa hana uhakika wowote kule. Nitamwita sasa hivi."

Royce alivaa kofia, akaenda kwenye basi lake, kwa sababu saa tisa ilikuwa imefika na watoto walikuwa wanamsubiri.

Tessa aliletwa kutoka karakana, mikono ina grisi. Aliposikia, alimtazama Verna kana kwamba amemwibia.

"Miaka miwili unaniambia ni kama nimeshaingia! Nimeshawaambia watu wote!"

"Najua. Nikasirikie kesho, mwanangu. Leo andika."

"Nitaandika nini kwa saa mbili?"

"Kitu unachokijua. Basi la baba yako, injini uliyoifungua majira ya joto."

Akaandika huku akifuta machozi kwa kiwiko. Verna aliandika barua yake ya kumpendekeza, akifuta na kuanza upya. Saa kumi na robo, insha ya kwanza ikaisha. Saa kumi na nusu, Tessa akafuta nusu ya insha ya pili kwa hasira, na Verna akauma ulimi asipige kelele. Saa kumi na dakika hamsini na nne akabonyeza kutuma. Duara la kusubiri likazunguka, likazunguka kwenye kioo. Kisha jibu likaja: maombi yamepokelewa.

Royce alikuwa amesimama mlangoni, funguo za basi mkononi.

"Imeenda?"

"Imeenda, baba."

"Kaningoje kwenye gari."

Tessa alipotoka, Royce hakuketi. "Insha ya Curtis. Uliisoma?"

Verna angeweza kudanganya, na uongo ulikuwa karibu kabisa na ulimi. "Niliisoma," alisema. "Ilikuwa nzuri sana."

"Basi kwa nini uliniambia ni ya ovyo?"

"Kwa sababu nukta zilisema atachukuliwa. Nilitafuta kosa, na sikulitafuta kwangu."

"Miaka sita," alisema Royce. "Miaka sita namwita mvivu, kwa neno lako." Hakupaza sauti, na Verna alitamani angepaza.

Akatoa simu mfukoni, akabonyeza polepole kwa kidole kimoja, akageukia ukuta. Iliita muda mrefu.

"Curtis," alisema. "Ni baba. Tafadhali, usikate."