Kafi la Mgeni

Fundi cherehani aliketi katikati ya mtumbwi, baina ya sufuria na hema, kama mzigo wa tatu. Mbele yake wifi yake alipiga kafi. Nyuma, shemeji yake alipiga lake na kuelekeza chombo. Kafi la mumewe lilikuwa limefungwa kamba ubavuni, kavu, halina kazi. Mwenyewe alibaki nyumbani, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, ndipo mkewe akapata nafasi katika safari hii ya kila mwaka: kutwa mtoni wakitazama wanyama, kulala kisiwani, kurudi kesho yake.

"Nipeni na mimi kafi basi," alisema.

"Kaa tu, mgeni," wifi akajibu bila kugeuka. "Usije ukaloa."

Mgeni! Mwaka wa pili huu tangu aolewe, na neno hilo bado lilimchoma kama sindano chini ya ukucha. Wifi humwita mwenzake wifi. Ndivyo lugha ilivyokata kitambaa. Yeye kila akisema "wifi" hujibiwa "mgeni", kama mtu aliyetoa noti akarudishiwa kifungo. Hakuja mtoni kwa ajili ya wanyama. Alikuja kulifuata jina lake.

Hata hivyo wanyama walimteka. Mdiria alining'inia hewani kama amefungwa uzi, kisha akajitosa majini na kuibuka na samaki. Kenge aliota jua juu ya gogo, tumbo limemwagika pande zote mbili.

"Huyo amevaa saizi isiyo yake," fundi alisema, na shemeji akacheka hadi mtumbwi ukayumba.

Wifi hakucheka. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, amezoea kunyamazisha, na macho yake hayakubanduka kwenye matete.

"Mwaka huu lazima nimwone fisi maji," alisema. "Baba alimwona. Kaka alimwona. Hata huyu mvivu wa nyuma alimwona. Mimi naambulia povu tu."

Fundi akakaza mgongo. "Fisi?"

"Fisi maji."

"Anakuja saa ngapi?"

"Alfajiri. Ukilala fofofo, imekula kwako."

"Na... anakula nini?"

Shemeji alimwahi dada yake. "Chochote chenye miguu, shemeji. Ila akikosa..."

"Akikosa?"

"Akikosa, si amekosa!"

Fundi alizaliwa mjini, na fisi alimjua kwa hadithi za bibi: taya la kusaga mifupa, kicheko cha kichawi. Fisi wa nchi kavu utamkimbia. Huyu wa majini, nawe umelala kisiwani, utakimbilia wapi? Hakuuliza tena. Kuuliza kungemzidishia ugeni.

Jioni walisimamisha hema. Alilishona mwenyewe, pindo mara mbili, na upepo ulipolijaribu halikulegea hata uzi.

"Limekaa vizuri," wifi alikiri, akipapasa mshono. Kisha akaongeza, "Asante, mgeni."

Fundi alilala usingizi wa kuku, jicho moja ndani, jingine nje. Kulipoanza kupambazuka akasikia mluzi. Kisha chubwi! Kisha kitu kikatafunwa: kwachu, kwachu.

Mtumbwi! Chakula chote kilikuwa humo, na njia ya kurudi nyumbani ndiyo hiyo hiyo. Mgeni angewaamsha wenyeji. Yeye alitoka kwa magoti, akafungua kamba, akalitwaa kafi la mumewe na kusimama ukingoni, kafi limeinuliwa juu kama mchi.

Hakumwona fisi. Aliona vijinyama vitatu virefu vikiteleza kwenye tope kama watoto waliotoroka shule. Kimoja kilielea chali, kikitafuna kaa. Kafi likashuka lenyewe. Akacheka peke yake mpaka vikazama na kuibukia ng'ambo, kwenye matete.

Wifi alitoka hemani nywele timtim. "Unacheka nini?"

"Fisi hajaja. Usiku kucha nimemngoja bure. Kuna vijidude tu vilikuja kuoga."

"Vijidude gani?"

"Sijui jina. Koti la kahawia, limelala kama velveti iliyopigwa pasi. Kola nyeupe shingoni. Masharubu. Miguu mifupi, yaani suruali imekatwa vibaya."

Muuguzi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hao ndio fisi maji! Ndio wenyewe! Mungu wangu, mgeni amewaona na mimi nimelala!"

Hemani shemeji aliangua kicheko hadi akakohoa.

Ndipo wifi alipogundua jambo jingine. "Na kafi hilo nani kakupa?"

"Nimejipa." Fundi hakulishusha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa pili huu. Mmechelewa kunipa, nikajichukulia. Vimeenda pale kwenye matete. Unakuja, au unabaki na hema?"

Wifi alizifunga nywele haraka. Akapanda mtumbwini, na mwenyewe, bila kuambiwa, akakaa katikati, kwenye sufuria. Mbele akakaa aliyejua njia, na shemeji akakimbilia nyuma na kafi lake.

Fundi alipiga maji kama anayefua mablanketi. Mtumbwi ukageuka upande.

"Shemeji," sauti ya nyuma ikauliza, "tunaenda mbele au tunashona duara?"

"Nyamaza, chora mstari wako!"

Walipoyafikia matete wakatulia. Kichwa kimoja kikaibuka karibu kabisa, mguu wa kaa ukining'inia kwenye masharubu, kikawatazama kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi mapema mno. Kikavuta pumzi, kikazama, maji yakajifunga.

Kisha mkono ukagusa mgongo wa fundi.

"Wifi," muuguzi alinong'ona, sauti imelowa. "Wifi, umemwona?"

Fundi akalisikiliza neno hilo likitua.

"Nimemwona." Akainua kafi. "Kaa tu, wifi. Usije ukaloa."

Akalipiga, na safari hii maji yote yakamrukia mwenzake.